Kostiki au asidi ya betri ikikurukia: maji, si ndimu

Kostiki soda ni nini?
Ni besi kali, NaOH, ile nyeupe wanayotumia watengeneza sabuni. Asidi ya betri ni tindikali ya salfuriki, H₂SO₄. Zote huunguza ngozi na macho.

Shuleni tulifundishwa tindikali na besi hubatilishana. Kwa nini nisikamulie ndimu penye kostiki?
Kwa sababu ngozi si chupa ya maabara. Tazama mlinganyo huu:

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Ile 2 mbele ya NaOH ipo kwa kuwa tindikali hii hutoa haidrojeni mbili, na kila moja inataka hidroksidi yake (ile OH ya kostiki). Kwa uzito, gramu 98 za tindikali hutaka gramu 80 za kostiki. Sasa nani atapima gramu zilizo kwenye shavu la mtoto anayelia? Tena mlinganyo hauonyeshi joto: kila moli ya maji (gramu 18) inayotokea huja na kilojuli kama 57, na joto hilo huingia kwenye nyama iliyokwisha kuungua. Usipake ndimu. Usipake siki. Usipake magadi penye asidi.

Nifanye nini basi?
Maji, papo hapo. Kama ni unga mkavu, upanguse kwanza kwa kitambaa, vua nguo, kisha acha maji yatiririke dakika 20 au zaidi. Jicho lifunguliwe kwa vidole, maji yapite humo dakika 30. Jirani akija na ndimu, mwambie alete ndoo ya maji.

Haiumi sana, inateleza tu. Nisubiri kesho?
Hapana, usisubiri! Ule utelezi ni kostiki inageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni, na inazidi kuzama ndani. Wagonjwa wa macho wanaotufikia hospitali siku ya pili, baada ya kuzungushwa kwa majirani na duka la dawa, mara nyingi kioo cha jicho kimeshakuwa cheupe. Osha kwanza, halafu hospitali siku hiyohiyo.

Mtoto akiinywa?
Usimtapishe, maana itaunguza koo mara ya pili. Ndimu ni marufuku hapa pia. Msukutue mdomo, mkimbize hospitali, na chukua chombo alichonywea. Tunaomba sana: kostiki isiwekwe kwenye chupa ya soda.