Hakuna anayejua saa ya tetemeko

“Leo saa nne usiku litapita tetemeko kubwa, serikali inajua ila inaficha. Laleni nje, tuma kwa magrupu yote.” Ujumbe huu tumeuona miaka na miaka.

Hakuna serikali wala mtaalamu duniani awezaye kutaja siku na saa ya tetemeko. Hata Japani, tahadhari ya simu hutumwa mwamba ukiwa umeshakatika, na watu hupata sekunde chache za kujikinga. Tetemeko la Kagera, Tanzania, Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilipiga mchana bila taarifa. Kinachojulikana mapema ni maeneo ya hatari, kama Bonde la Ufa, ndiyo maana maandalizi ya serikali huhusu kanuni za ujenzi na mazoezi ya uokoaji.

Mkanganyiko unaeleweka: baada ya tetemeko kubwa wataalamu huonya kwamba mitetemo mingine inaweza kufuata, kisha mtu anabandika saa ya kubuni kwenye onyo hilo.

Ukiupokea ujumbe kama huo, tafuta tarehe. Mara nyingi utakuta “leo” tupu, ndiyo maana hauchachi. Linganisha na taarifa rasmi za mamlaka ya maafa. Usipouona huko, usiusambaze. Mwambie na aliyekutumia, kwa upole.