Kifua ni cha babu, vigimbi ni vya nani?

Jimu ninayopigia tizi iko Temeke, uani kwa mtu, chini ya mwembe. Vyuma vya dukani ni vichache. Vilivyobaki ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu foleni iko kwenye benchi, pale unapolala chali kusukuma chuma kwa kifua; kwenye skwati, kuchuchumaa na chuma mabegani, hakuna mtu. Kaa hapo wiki moja tu, utasikia kila sababu ya fulani kuwa na kifua na fulani kukikosa, na karibu zote zinaishia kwenye neno moja: damu.

Damu ina sehemu yake, sibishi. Ila inasingiziwa mengi.

"Babu yake alikuwa kuli bandarini, ndiyo maana ana mgongo ule."

Hii wanamsema jamaa mmoja pale anayeng'oa chuma kizito kutoka chini kutushinda wote. Lakini mizigo aliyobeba babu haikuingia kwenye mbegu. Msuli wa kazi hufa na mwenyewe, hakuna mtoto anayezaliwa nao. Kinachorithiwa ni umbo: urefu wa mikono, upana wa mabega, paja refu au fupi, na mahali kano inaposhika mfupa. Mtazame jamaa akiwa amesimama wima, ncha za vidole vyake zinakaribia magoti. Mtu wa hivyo hainami sana kukishika chuma, na safari ya chuma kutoka chini hadi mapajani inakuwa fupi. Mmarekani Lamar Gant, ambaye mwaka 1985 alikuwa wa kwanza kung'oa mara tano ya uzito wake mwenyewe, alikuwa na mikono mirefu namna hiyo, tena na uti wa mgongo uliopinda. Mikono hiyohiyo ukiilaza kwenye benchi inageuka mzigo, maana chuma kinashuka mbali na kupanda mbali. Jamaa yetu kwenye benchi ni wa kawaida kabisa, ingawa hilo halitajwi.

Halafu nilimuuliza utotoni alikuwa akifanya nini. Kuchota maji: dumu la lita 20 mkono huu, jingine mkono ule, kila siku kabla ya shule. Hizo ni kilo 40 za kushikilia na kutembea nazo, miaka na miaka. Babu hakumbebea hata moja.

"Vigimbi vyangu havikui, ndivyo tulivyo kwetu."

Hapa kuna ukweli nusu, na unaweza kuujaribu sasa hivi kwenye mkono. Kunja kiwiko pembe mraba, kaza msuli wa mbele, kisha pachika vidole vya mkono wa pili kati ya mkunjo wa kiwiko na pale msuli unapoanzia. Wapo ambao hata kidole kimoja kinabana. Kwangu vinaingia vitatu. Nafasi hiyo ni kano, na kano ikiwa ndefu, nyama yenyewe inakuwa fupi. Hakuna zoezi linalobadilisha hilo. Vigimbi ni vivyo hivyo: kuna ambaye msuli umemshuka hadi karibu na kifundo, na kuna ambaye umemkaa juu, chini ya goti, kama embe dodo. Mazoezi yanaongeza unene, hayahamishi embe.

Tena chini ya ule msuli wa juu kuna mwingine mpana, ambao sehemu kubwa ni nyuzi za mwendo wa polepole, nyuzi za kuvumilia. Huo umeshazoea kukubeba mchana kutwa, kusimama na kutembea. Vichura ishirini vya kumalizia haviushtui.

Nusu ya pili ndiyo tunayoikwepa. Siku moja tulikaa na kalamu tukahesabu wiki nzima: kifua seti 16, vigimbi seti 3, zote za mwisho, mtu akiwa tayari anawaza daladala. Na inajulikana kwamba zoezi unaloanza nalo ndilo nguvu yake hupanda zaidi. Kwa hesabu hiyo ukoo ulikuwa unalaumiwa bure.

"Kuna jeni ya nguvu, ukipimwa utajua kama umejaliwa."

Jeni inayotangazwa zaidi ni ACTN3, inayohusika na protini moja ya nyuzi za kasi. Kati ya watu wenye asili ya Ulaya, takriban 18 katika kila 100 hawana kabisa protini hiyo. Majirani zetu wa Kenya walipopimwa, alikuwa takriban mmoja katika 100. Sasa fikiria: kitu ambacho karibu kila mtu anacho, pande la mtu na mwembamba wa ofisini, kitaelezaje kwa nini huyu anamshinda yule kwenye benchi? Hata huko kinakotofautiana, mchango wake ni mdogo. Nguvu inatokana na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Tafiti za mapacha zinaweka urithi kwenye takriban nusu ya tofauti za nguvu kati ya mtu na mtu. Ni nusu ya tofauti hizo, si kwamba nusu ya mkono wako ni ya baba.

Wale wa "jitihada tu, damu ni kisingizio" nao wana lao la kujibu. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliochukua watu 585, wakafanyishwa mazoezi yaleyale ya mkono mmoja, ule wasioutegemea, kwa wiki 12. Kuna ambaye nguvu yake haikuongezeka hata chembe, na kuna aliyeongeza asilimia 250. Kwa ukubwa wa msuli, mmoja alipungua asilimia 2, mwingine akanenepa asilimia 59. Usingizi na chakula vina mkono wao hapo, lakini siamini kwamba vinatosha kueleza pengo hilo. Kwa hiyo ukiona mwenzako kaanza juzi na keshakuacha, si lazima uwe mvivu.

"Mwenye misuli mikubwa ndiye mwenye nguvu." Nenda Kariakoo ukaangalie lumbesa zinavyoshushwa. Anayeiweka mabegani na kuondoka nayo mara nyingi ni mtu mwembamba ambaye jimu hajawahi kuiona, na baunsa wetu angeyumba hatua ya tatu. Nguvu ni pia mishipa ya fahamu kujifunza kuamsha nyuzi nyingi kwa pamoja, na inajifunza zoezi lilelile unalolirudia. Ndiyo maana wiki chache za kwanza uzito unapanda wakati kioo hakionyeshi kitu.

Kuhusu dada zetu kuota kifua cha baunsa kwa kushika chuma: homoni za kufanya hivyo hawana kiasi cha kutosha, basi. Na msuli ukiuacha unapungua, haugeuki mafuta. Ni nyama mbili tofauti.

Mimi tangu Machi Jumatatu naanza na skwati, vigimbi vinafuata, kifua mwisho. Embe liko palepale chini ya goti, ila limenenepa kidogo. Na kwa kuwa huko hakuna foleni, namaliza seti zangu wakati mtu wa nne bado anasubiri benchi.