Je, Wajua Kwa Nini Modi Iliyokwisha Kamilika Huhitaji Miaka Mingine Ili Iwe Gemu?

Mwaka 2015 Nick Pearce, aliyekuwa mwanasheria nchini Australia, alitoa bure modi iitwayo The Forgotten City, yaani nyongeza iliyotengenezwa na mchezaji na kuingizwa ndani ya gemu ya Skyrim ya kampuni ya Bethesda. Ilikuwa imemchukua miaka 3 na, kwa hesabu yake mwenyewe, takriban saa 1,700 za kazi. Modi hiyo ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 3, na mwaka 2016 ikatunukiwa tuzo na chama cha waandishi wa filamu na tamthilia cha Australia. Pearce aliacha kazi ya sheria, akakusanya kikundi kidogo cha wasanidi na kuanza kuigeuza kuwa gemu inayojitegemea. Gemu hiyo iliingia sokoni Julai 2021. Hadithi ilikuwa imeshaandikwa, mji umeshajengwa, na wachezaji walikuwa wameshaipenda. Miaka yote hiyo ilikwenda wapi?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba msanidi alikuwa akiipamba na kuirefusha. Ni kweli kwa sehemu, lakini chini ya jibu hilo kuna dhana isiyo sahihi ambayo imeenea mno, hata miongoni mwa watu wanaotengeneza modi wenyewe: kwamba modi ni gemu ndogo iliyokamilika, ambayo inapungukiwa tu na bei na ukurasa wa mauzo. Dhana hiyo ina chimbuko linaloeleweka. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama modi ya gemu ya Half-Life, ikitengenezwa na Minh Le na Jess Cliffe, na kufikia Novemba 2000 ilikuwa ikiuzwa madukani. Garry's Mod ya Garry Newman ilitolewa bure mwishoni mwa 2004 juu ya Half-Life 2, na mwaka 2006 ikaanza kuuzwa kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni. Anayezitazama mbili hizo huona njia fupi na iliyonyooka, na kila modi inayopendwa huibua swali lile lile: mbona hauzi?

Kinachosahaulika ni kwamba katika visa vyote viwili mwenye injini, yaani msimbo unaoiendesha gemu, ambaye ni kampuni ya Valve, alifungua mlango mwenyewe. Aliinunua Counter-Strike na kuwaajiri waanzilishi wake. Garry's Mod aliiruhusu iuzwe ikiwa bado inatumia injini yake ya Source. Hakuna aliyehamisha chochote. Visa hivi vinatueleza jinsi modi inavyoweza kuuzwa papo hapo ilipo, na havitufundishi lolote kuhusu kuitoa hapo.

Gemu ya aina hii ina tabaka mbili. Chini kuna injini, msimbo unaochora picha, unaokokotoa mwendo na mgongano, unaocheza sauti na kusoma vidole vya mchezaji. Juu yake kuna maudhui: ramani, sura za wahusika, mazungumzo, kanuni za ushindi. Doom ya mwaka 1993 ndiyo iliyoueneza utengano huu, kwa kuyaweka maudhui katika faili za peke yake ambazo mchezaji aliweza kuzibadilisha bila kuugusa msimbo. Modi huishi katika tabaka la juu.

Mtu aliyewahi kufika kwa mafundi wa bodi za matatu ataielewa hali hii mara moja. Fundi huletewa chasisi ya Isuzu ikiwa na injini, gia, usukani, breki na magurudumu. Anachomelea vyuma, anapanga viti, anaweka taa na muziki, anapaka rangi, na gari linapotoka barabarani abiria humsifu yeye, kwa haki kabisa, kwa sababu kila wanachokiona na kukigusa ni kazi ya mikono yake. Sasa mwambie aiondoe bodi ile na kuiweka juu ya chasisi ya kampuni nyingine. Nafasi za boliti hazilingani, urefu umetofautiana, nyaya za taa zinatafuta betri mahali ambapo haipo, na sakafu aliyoikata kuipisha gia ina tundu pasipo na gia. Bodi ilikuwa kamili kwa maana moja tu: ilikuwa kamili juu ya chasisi ile.

Katika The Forgotten City jambo hili linaonekana kwa karibu sana. Hadithi inahusu mji ambao kosa la mtu mmoja huwaangamiza wakazi wote, hivyo wizi ni kiini chake. Skyrim tayari inajua kila kikombe kilichoko mezani ni cha nani. Mchezaji akikichukua, gemu hupima umbali, mwanga na kelele ili kuamua kama kuna mtu aliyemwona, kisha humfanya aliyeona ageuke, apaze sauti na amkabili mwizi. Mtengenezaji wa modi huukuta mfumo huo wote ukifanya kazi, pamoja na ule wa kuhifadhi mchezo, wa kumwongoza mhusika asigonge ukuta na wa kuifanya midomo ifuate maneno. Pearce na wenzake walihamia injini ya Unreal. Injini hiyo huchora kwa ustadi mkubwa, lakini haijui wizi ni nini. Kile kikombe hakina mwenyewe mpaka msanidi aandike msimbo wa umiliki.

Yalibaki mavazi, silaha, kuta na jina la ulimwengu wenyewe, na hapa sheria inaingia. Leseni ya zana za Skyrim haikumruhusu mtu auze alichokitengeneza nazo apendavyo. Mahakama za Marekani zilikwishaonyesha ukali wa jambo hili mwaka 1998, katika kesi ya Micro Star dhidi ya FormGen. Micro Star ilikusanya ramani 300 za gemu ya Duke Nukem 3D zilizotengenezwa na wachezaji, ikaziuza katika diski moja. Faili hizo hazikuwa na picha hata moja ya gemu ile. Zilikuwa maelekezo matupu ya kuiambia injini picha ipi iwekwe wapi. Mahakama ya rufaa iliona hata hivyo kwamba zinaendeleza hadithi ya Duke Nukem, na haki ya kufanya hivyo ni ya mwenye hakimiliki. Naiona hukumu hiyo kuwa ya kustaajabisha kila ninapoifikiria, kwa kuwa inagusa hata kazi ambayo mtu ameiandika yeye mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana mji wa chini ya ardhi wa Skyrim uligeuka kuwa mji wa Kirumi wa kale, na kila jiwe lake likatengenezwa upya.

Haifai kutoka hapa na kanuni ya jumla. Visa tunavyovijua ni vya waliofika, na ndani yake muda umetofautiana sana. The Stanley Parable ya Davey Wreden, iliyoanza kama modi, ilibaki katika Source, na bado ilihitaji kuanzia 2011 hadi Oktoba 2013. DayZ ya Dean Hall, modi ya ARMA 2 iliyotoka 2012, ilikuwa na wenye injini, Bohemia Interactive, upande wake. Iliuzwa kwanza ikiwa haijakamilika Desemba 2013, na toleo kamili likafika Desemba 2018. Urafiki na mwenye injini ulisaidia, ila haukutosha kueleza urefu wa kazi, kwa sababu sehemu za injini zenyewe zilibidi kuandikwa upya.

Kinachohama bila mzigo ni kanuni za uchezaji na ujuzi wa mkono. DotA, modi ya gemu ya Warcraft III, ilizaa League of Legends mwaka 2009 na Dota 2 mwaka 2013, zote zikiwa na misimbo mipya. Vivyo hivyo vijana wa Kenya na Tanzania wanaochonga mabasi ya kwao na kuyaingiza katika gemu ya Bus Simulator Indonesia wanaondoka na ustadi halisi wa kuunda maumbo ya pande tatu na kuyapaka rangi, ingawa mwendo wa basi, foleni na barabara hubaki katika gemu ya wenyewe.

Pengine walioubeba mzigo huu kwa ukamilifu zaidi ni kampuni ya Unknown Worlds. Modi yao ya Natural Selection ilitoka 2002 juu ya Half-Life. Kwa gemu ya pili walipanga kutumia Source, wakaiacha, wakaandika injini yao wenyewe, Spark, na Natural Selection 2 ikatoka Oktoba 2012. Kwa gemu iliyofuata, Subnautica, walichukua Unity, injini ya wengine.