Kisima cha gesi baharini hakijiendeshi chenyewe

Kuna hii dhana ya miaka mingi, eti kazi ya mafuta na gesi baharini ni kuchimba tu, ukishapata kisima gesi inatoka yenyewe na mafundi wanarudi makwao. Sio kweli jamani. Angalia Songo Songo pale Kilwa, gesi iligunduliwa 1974, ikaanza kutumika Dar 2004, na baadae visima vingine vikabidi vifungwe vikarabatiwe kwasababu mabomba ya ndani yalishaliwa na kutu, hapo hujagusa valvu, pampu wala nyaya zinazopigwa na chumvi kila siku. Kuchimba ni miezi tu, kutunza ni miaka 20, 30, kwahiyo mtambo ukizeeka ndo soko la wachomeleaji, mafundi umeme na wazamiaji linakua, na vijana wetu wa VETA hawaambiwi hili.

Na matengenezo yakienda ovyo watu wanakufa, angalia Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi (mtambo uliosimama baharini) kule Bahari ya Kaskazini 1988, pampu iliyokuwa kwenye matengenezo ikawashwa, ukatokea mlipuko, watu 167 wakafa. Hata mafuta yakiisha kazi ipo, visima vinazibwa, jukwaa linaondolewa, kama jukwaa la Brent Delta 2017, meli moja ilinyanyua sehemu yake ya juu, tani 24,000 kwa mpigo.