Dundo la V8: kasi ya magari ya misuli inavyosikika

Nikimaliza kufunga V8 ya zamani, yaani injini ya silinda nane zilizopangwa safu mbili kama herufi V, hapa karakanani, jimbo la Michigan, Marekani, huiwasha na kuiacha ingurume dakika kadhaa kabla sijashika kifaa kingine. Nataka kuisikiliza. Haiendi kwa mpigo ulionyooka kama cherehani. Inadunda, inasita, inadunda tena, na bati ukutani linatetemeka nayo. Vijana wanaokuja kujifunza kazi hudhani ina hitilafu. Haina. Ni zamu ya moto.

Chukua V8 ya Chevrolet. Silinda zenye namba witiri ziko upande wa kushoto, za shufwa upande wa kulia, na plagi huwaka kwa zamu hii: 1-8-4-3-6-5-7-2. Ihesabu polepole. Utaona 8 na 4 zimefuatana upande mmoja, kisha 5 na 7 zikafuatana upande wa pili. Kwa hiyo kila upande hutoa pumzi mbili zilizobanana, halafu panakuwa na pengo. Pumzi hizo zikitokea kwenye mabomba mawili ya moshi, unapata dundo ambalo mpenzi wa magari haya hulitambua hata akiwa amelala.

Magari ya misuli yenyewe, yaani magari ya Kimarekani ya ukubwa wa kati yaliyopewa injini kubwa, yalizaliwa kwa ujanja. General Motors ilikuwa na sheria yake ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, moja ya chapa za kampuni hiyo, wakiongozwa na John DeLorean, wakaona uchochoro. Kwa magari ya mwaka 1964 hawakutangaza gari jipya. Waliiuza injini ya inchi 389, yaani lita 6.4, kama nyongeza ya hiari kwenye Tempest, gari lao la ukubwa wa kati. Wakaiita GTO. Mwaka huo wa kwanza waliuza 32,450, na sheria ikanyamaza.

Aliyeongeza pesa alipata kabureta tatu (vifaa vinavyochanganya petroli na hewa) zilizopangwa mstari mmoja, na nguvu za farasi 348. Hapa ndipo ninapoipendea kazi hii. Ukiendesha kwa utulivu, kabureta ya katikati hufanya kazi peke yake. Ukikanyaga mafuta hadi chini, zile mbili za pembeni zinafunguka, injini inavuta hewa kwa mkoromo, pua ya gari inainuka na mgongo wako unabanwa kwenye kiti. Ni kama kuendesha magari mawili yaliyofichwa katika bodi moja, na mguu wako ndio unaochagua.

Je, yalikuwa na kasi kweli? Chevelle SS 454 ya Chevrolet ya mwaka 1970, yenye injini ya inchi za ujazo 454 iliyoitwa LS6, ilitangazwa kuwa na farasi 450. Wapimaji wa majarida ya wakati ule walipata sekunde 13 na ushei kwa robo maili, yaani mita 402. Leo kuna magari ya umeme yanayomaliza umbali huo chini ya sekunde 10, bila kelele, yakiwa na viti vya watoto nyuma. Silikatai hilo. Lakini Chevelle ilifanya hivyo kwa matairi membamba na chuma kizito, bila kompyuta ya kuzuia matairi yasiteleze. Hiyo kazi ilikuwa ya dereva. Vijana waliokuwa wakishindana usiku kutoka taa hadi taa kwenye Woodward Avenue, barabara inayotoka Detroit kwenda mji wa Pontiac, walishinda kwa kujua wakanyage kiasi gani kabla tairi halijaanza kuzunguka bure. Mimi kasi ya namna hiyo ndiyo ninayoiita kasi.

Iliisha upesi. Bima za vijana zilipanda, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikabana moshi, na mwaka 1971 General Motors ikapunguza mgandamizo wa injini zake ili zikubali petroli isiyo na madini ya risasi. Vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973 vilikuta shughuli karibu imekwisha. Lakini msidanganywe na namba: injini ya 454 ya farasi 365 mwaka 1971 iliandikwa 270 mwaka 1972, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni namna ya kupima tu. Zamani injini ilipimwa ikiwa uchi, bila sailensa wala mizigo mingine ya garini. Baadaye ikapimwa ikiwa imevishwa kila kitu.

Nikifungua silinda hedi za injini hizo leo, naweka viti vya valvu vya chuma kigumu zaidi, kwa sababu risasi iliyokuwa ikivilinda haimo tena kwenye petroli. Mipira ya kabureta nabadilisha yote, maana petroli ya sasa yenye ethanoli huila. Kamshafti ya kiwandani, yaani mhimili unaofungua valvu, ikiwa bado nzima, nairudisha. Wateja wengi huniomba kali zaidi. Huwaomba kwanza wakae karibu na bomba la moshi, niwashe, tusikilize pamoja.