Dunia ya -1 haikufichwa na mtu

Wadogo zangu, tafadhali: "Dunia ya -1" ya mchezo wa video wa Super Mario Bros. si siri iliyowekwa na Nintendo, kampuni iliyoutengeneza. Mimi ni fundi wa konsoli, mashine za michezo ya video, hapa Lubumbashi, karibu na soko la mtaa wa Kenya, na haipiti wiki bila mtu kuweka kaseti yake mezani na kuniambia, "Yaya, nimeiona ile dunia waliyoificha." Furaha hiyo naipenda, ndiyo iliyoniingiza hata mimi katika kazi hii. Lakini hakuna aliyeificha.

Angalieni kinachotokea. Mwishoni mwa 1-2, yaani dunia ya 1, kiwango cha 2, ukimpenyeza Mario ukutani, anafika kwenye chumba cha mabomba ya kurukia dunia nyingine kabla mchezo haujamaliza kukiandaa. Kumbukumbu bado imeshika namba za chumba kingine, cha 4-2, chenye bomba moja tu la katikati linalokwenda dunia ya 5. Kulia na kushoto kwa hiyo 5, watengenezaji waliweka 36. Kwa nini 36? Mchezo huu unapanga picha za maandishi kwa namba: 0 hadi 9 ni tarakimu, 10 ni A, 35 ni Z, na 36 ni nafasi tupu. Walichotaka ni pasionekane kitu pale, basi. Sasa Mario anaingia bomba la kushoto, na mashine inaichukua 36 ile kama namba ya dunia. Skrini inaandika 36-1, ila picha ya 36 ni utupu, kwa hiyo unaona "-1". Hiyo si hasi, ni kistari kilekile cha siku zote! Dunia ya 36 haipo, mashine inasoma data isiyohusika na kuangukia kiwango cha majini kinachofanana na 7-2, ambacho bomba lake la mwisho linakurudisha mwanzo. Katika toleo la disketi la Japani la 1986, hila hiyohiyo inakupeleka kwenye viwango vingine kabisa, kwa sababu data zimekaa tofauti.

Siri ya kweli ina mtu nyuma yake. Warren Robinett alitengeneza mchezo wa Adventure peke yake kwa ajili ya Atari 2600, mashine yenye baiti 128 za kumbukumbu, kwenye kaseti ya kilobaiti 4. Kampuni ya Atari haikuwa inaandika majina ya watengenezaji. Robinett akaweka nukta moja ndogo, yenye rangi ileile ya sakafu, ndani ya ngome nyeusi. Uibebe hadi mahali maalumu, ukusanye vitu vingine hapo, na ukuta unapitika. Ndani: "Created by Warren Robinett". Hakumwambia mtu kazini. Robinett alikuwa ameshaondoka Atari wakati kijana mmoja wa Utah, Marekani, alipoiandikia kampuni barua akieleza alichokiona. Hebu fikirini, katika kilobaiti 4, ambamo kila baiti inagombewa, mtu anatenga nafasi ya jina lake!

Msimbo wa Konami, ule mfuatano wa vitufe unaompa mchezaji nguvu za ziada, ni jambo la tatu. Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami aliuweka katika Gradius ya 1986 ili aweze kuujaribu mchezo uliokuwa mgumu mno kwake, ukabaki humo. Ni chombo cha kazi.

Na msiniambie tena kwamba siri ya Adventure ndiyo ya kwanza kufichwa katika mchezo wa video. Starship 1, mashine ya Atari ya 1977, ina salamu iliyofichwa, "Hi Ron!", ya mtengenezaji wake Ron Milner, na ulimwengu uliijua mwaka 2017, miaka 40 baadaye. Video Whizball ya 1978 nayo ilificha jina la mtengenezaji wake, kwenye Fairchild Channel F, konsoli ya kaseti iliyosimamiwa na Jerry Lawson, injinia Mmarekani mweusi. Baada ya ile miaka 40, neno "ya kwanza" nalitumia kwa woga.

Mgawanyo wangu huu, wa kosa la mashine, siri ya mtu na chombo cha kazi, una mahali unapovuja. Katika mchezo wa Space Invaders wa 1978, wavamizi wanaongeza kasi kadiri wanavyopungua, kwa sababu prosesa, ubongo wa mashine, inabaki na vichache vya kuchora. Mtengenezaji wake, Tomohiro Nishikado, aliliona jambo hilo, akaliacha makusudi, na ndilo linalofanya moyo ukudunde akibaki mvamizi mmoja. Mimi naliita tabia ya mashine. Fundi mwenzangu analihesabu kuwa kazi ya Nishikado, maana angeweza kulizuia akachagua kutolizuia, na mpaka leo sijapata jibu la kumnyamazisha.