Bahari Inaanzia Mlimani: Dhana Potofu Tulizonazo Sisi wa Moshi na Arusha

Ukitaja utafiti wa bahari hapa Moshi, jibu la haraka utakalopata ni kwamba hayo ni mambo ya watu wa Pwani, sisi tuna mlima wetu. Nafundisha jiografia sekondari, na jibu hilo nalisikia darasani mwaka hadi mwaka kutoka kwa wanafunzi ambao wengi wameiona bahari kwenye simu tu. Siwalaumu. Lakini dhana hii inatugharimu, maana inatufanya tuamini kwamba tunayoyafanya huku juu yanaishia huku juu, na kwamba ya kule chini hayatufikii. Yote mawili si kweli.

"Bahari iko mbali, haituhusu"

Fuata maji. Mito ya Karanga, Weruweru na Kikafu humwaga maji yake kwenye mto Kikuletwa. Themi, unaokatiza Jiji la Arusha, nao huishia Kikuletwa. Himo huelekea mto Ruvu, huu wetu unaotoka Ziwa Jipe, si ule wa Bagamoyo. Kikuletwa na Ruvu hukutana Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa miaka ya 1960, na mto unaotoka bwawani ndio Pangani. Unapita mbuga za Kirua, unashuka Korogwe na Hale, unazungusha mitambo ya umeme, kisha unaingia Bahari ya Hindi kwenye mji wenye jina lake. Safari nzima ni karibu kilomita 500. Anayetupa taka chini ya daraja la Karanga na anayetega wavu Pangani wanatumia mto mmoja.

Mto huo ukipungua, anayeumia ni yule anayeupata mwisho. Pale unapoingia baharini, maji baridi yanasukuma kwenda nje na maji ya chumvi yanasukuma kuingia ndani kila bahari inapojaa. Huku juu tukichepusha mengi kwa ajili ya mashamba, mto unafika umepungua nguvu, na chumvi inapanda mbali zaidi hadi kwenye visima na mashamba ya kandokando. Watu wa Pangani wamelilalamikia jambo hili kwa miaka mingi. Sisemi tuache kumwagilia, mpunga wa Chekereni unalisha wengi. Nasema tujue kwamba gharama yake kuna wengine wanailipa.

Udongo nao unasafiri, na hapa kuna utafiti ninaoupenda kuufundisha kuliko mwingine wowote. Matumbawe makubwa ya mviringo hukua takriban sentimita moja kwa mwaka, na kila mwaka huacha tabaka lake ndani. Mtafiti akitoboa katikati, anahesabu miaka kama tunavyohesabu mizunguko ya gogo lililokatwa. Wanasayansi walichunguza hivyo tumbawe la Malindi, Kenya, lenye kumbukumbu ya miaka 300 hivi, wakapima ndani yake bariamu, madini yanayofika baharini pamoja na udongo wa mtoni. Kwa muda mrefu kiwango kilikuwa chini na kimetulia. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi ya bara ilipoanza kufyekwa na kulimwa kwa namna mpya chini ya ukoloni, kikapanda. Udongo huo uliletwa na mto Sabaki. Mmoja wa mito inayoulisha Sabaki ni Tsavo, unaoanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upande wa kaskazini mashariki. Yaliyofanyika mashambani, mbali kabisa na ufukwe, yamehifadhiwa ndani ya tumbawe tabaka kwa tabaka.

"Mito yetu ni barafu ya Kibo inayoyeyuka"

Hii utaisikia hata kwa watu waliopanda mlima. Barafu iliyobaki ni ndogo mno kulisha mito; kati ya mwaka 1912 na 2007, asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu lilitoweka. Maji ya mito na chemchemi zetu yanatoka hasa kwenye ukanda wa msitu, kwa mvua na ukungu unaonaswa na miti.

Na mvua yenyewe imetoka wapi? Baharini. Upepo wa kusi unaleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi, unagonga mlima, unalazimika kupanda, unapoa, unanyesha. Ndiyo maana Kibosho, Uru na Machame kuna migomba na kahawa, wakati upande wa kaskazini unaotazama Amboseli ni mkavu. Watafiti wa barafu ya Kibo nao wanahusisha kupungua kwake na hewa ya mlimani kuwa kavu zaidi tangu mwishoni mwa karne ya 19, na ukavu huo wanauhusisha na mabadiliko ndani ya Bahari ya Hindi. Ukitaka kuuelewa mlima huu sawasawa, sharti uisome bahari.

"Mvua ikizidi, ni Elinino"

Elinino inaanzia Bahari ya Pasifiki, maji ya katikati na mashariki yake yanapopata joto kuliko kawaida. Mara nyingi huambatana na vuli kubwa kwetu, kama ilivyokuwa 1997 na 1998, na kumbukumbu ya mwaka ule ndiyo iliyofanya kila mafuriko yapewe jina hilo. Lakini vuli ya 2019, iliyofurika Afrika Mashariki nzima, haikuhitaji Elinino yenye nguvu. Kilichotokea ni kwamba upande wa Bahari ya Hindi ulio karibu nasi ulikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, kwa tofauti kubwa isiyo ya kawaida. Maji ya joto huvukiza zaidi, hewa yenye unyevu hupanda, na mvua hutuangukia sisi huku wenzetu wa Indonesia na Australia wakipata ukame na moto wa msituni.

Tunajuaje joto la bahari pana kiasi hicho? Kuna maboya yapatayo 4,000 yanayoelea katika bahari zote za dunia. Kila boya huzama hadi mita 2,000, na takriban kila baada ya siku 10 hupanda juu likipima joto na chumvi njiani, kisha hutuma vipimo kwa setilaiti. Takwimu hizo ni bure kwa yeyote. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa utabiri wa vuli au masika, hali ya joto la bahari ni miongoni mwa mambo inayoyaangalia kwanza. Mkulima wa Hai au Arumeru anayesubiri utabiri huo kabla ya kununua mbegu tayari anautumia utafiti wa bahari, ila hajaambiwa.

"Kuna kisiwa cha plastiki katikati ya bahari"

Picha zinazosambaa zinaonyesha rundo la taka mtu anaweza kutembea juu yake. Hakuna kisiwa cha namna hiyo. Eneo maarufu lililo Pasifiki, kati ya Hawaii na California, lina vipande vilivyotawanyika, vingi vidogo kuliko punje ya mchele, na sehemu kubwa ya uzito wake ni nyavu chakavu za uvuvi. Unaweza kupita hapo kwa meli usione kitu cha kukushtua. Ubaya wa dhana hii ni kwamba inampa mtu matumaini kuwa siku moja itakuja meli kubwa ikalizoe lile rundo, kazi ikaisha.

Kazi iko kwetu. Mvua kubwa ya kwanza ya masika ikikatika, simama kwenye mtaro karibu na soko la Mbuyuni. Utaona vifuniko vya bluu vya chupa za maji, nyavu za vitunguu, kandambili moja isiyo na mwenzake, na vile vifuko laini visivyo na mishikio ambavyo watu waliendelea kufungia nyanya hata baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Vingi vitanasa kwenye matete au kutulia Nyumba ya Mungu kabla ya kuiona Pangani. Lakini plastiki haiozi. Inakatikakatika hadi inakuwa vipande vidogo kiasi cha kuingia kwenye samaki, na perege wa bwawani tunamla sisi.

"Nguva ni mwanamke mwenye mkia wa samaki"

Nguva ni mnyama anayenyonyesha, anayekula majani ya baharini, na kwetu wamebaki wachache sana, hasa kuanzia Rufiji na Mafia kwenda Kilwa. Wengi wamekufa kwa kunasa kwenye jarife, wavu wa kuvulia samaki wakubwa. Hadithi za nguva ni tamu na sina ugomvi nazo, ila mtoto anayezijua hadithi aambiwe pia kwamba mnyama yupo na anaisha.

"Matumbawe ni mawe"

Ni wanyama. Vidudu vidogo vinavyoishi kwa makundi hujijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao huishi mwani mdogo sana unaowalisha. Maji yakizidi joto, mwani huo hutoka na tumbawe hubaki jeupe. Likikaa hivyo muda mrefu hufa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalikufa namna hiyo. Ukienda fungate Zanzibar, usisimame juu yake.

"Utafiti wa bahari ni wa wageni wenye meli"

Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Zanzibar tangu 1978, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania ilianzishwa 1980. Dk. Flower Msuya ametumia miaka mingi pamoja na wanawake wakulima wa mwani wa Zanzibar, wakitafuta namna ya kuupeleka mwani kwenye maji ya kina zaidi baada ya maji ya pwani kuwa moto na aina yenye bei nzuri kuanza kufa. Silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka miaka milioni 66 iliyopita hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, hapa kwetu aligunduliwa na wavuvi: walimvua kwa jarife, hasa Tanga, wakamleta ufukweni wakishangaa. Hifadhi ya bahari ya kumlinda ikatangazwa mwaka 2009.

Hata mtu wa Arusha ana nafasi. Kule Mafia, papa potwe huonekana karibu na Kilindoni kuanzia mwezi wa 10 hadi wa 3, na ilidhaniwa kwamba miezi mingine wanahama. Watafiti waliwafunga vifaa vya kutoa sauti, wakaweka vipokezi chini ya maji, wakakuta wengi hawaendi popote. Wanasogea tu kwenye kina na mbali na ufukwe, ambako macho hayafiki. Kila potwe pia ana madoa yasiyofanana na ya mwenzake, na kompyuta humtambua kwa picha. Picha hizo nyingi hupigwa na watalii wa kawaida. Ukibahatika kufika Mafia, usimguse wala usimzingire. Piga picha ya ubavu wake wa kushoto, pale nyuma ya matamvua juu ya pezi, andika tarehe na mahali, kisha mpe mwongozaji wako aifikishe kwa watafiti. Kwa nyangumi wanaopita pwani yetu kati ya mwezi wa 7 na wa 11, kinachotakiwa ni picha ya upande wa chini wa mkia anapozama.